Namna ya kupima kasoro za mwonekano kwenye gitaa jipya la galatoni, kwa mnunuzi wa Tabora

Magitaa mengi ya galatoni, yaani yale yasiyohitaji umeme, yanayouzwa Tabora yametoka mbali. Yametengenezwa kiwandani ng'ambo, mara nyingi China au Indonesia, yakavuka bahari ndani ya kontena, yakakaa ghalani Dar es Salaam, kisha yakapanda basi au treni ya Reli ya Kati hadi huku, na katika kila hatua ya safari hiyo upo uwezekano wa mkwaruzo, kibonyeo au ufa. Mnunuzi anayefungua boksi na kukuta alama juu ya mbao huchanganya maswali mawili kuwa moja: je, alama hii inaudhi macho, na je, alama hii italiharibu gitaa? Swali la kwanza ni la ladha na la bei. La pili ni la mbao, gundi na hali ya hewa, na ndilo linalostahili kuamua kama gitaa linabaki nyumbani au linarudi dukani.

Kwa hiyo nitagawa kasoro kwa kigezo kimoja tu: iko kasoro iliyokaa na iko kasoro inayotembea. Kasoro iliyokaa ni ile ambayo mwaka ujao utaikuta kama ulivyoiacha, mathalani tone la vanishi lililoganda pembeni, mkwaruzo wa mgongoni au rangi iliyopauka kidogo karibu na shingo. Kasoro inayotembea ni ile ambayo kila kiangazi kinaisogeza mbele, kama ufa wa mbao, kiungo kinachoachia au daraja (kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi kwenye uso) linaloinuka, hata kama siku ya kwanza ni vigumu kuiona. Watu wengi hununa kwa sababu ya ile ya kwanza na kuipuuza ya pili, kwa kuwa ya kwanza huonekana tangu mlangoni na ya pili hutafutwa kwa tochi.

Hali ya hewa iingie kwenye hesabu

Mbao, hata baada ya kukaushwa na kupakwa vanishi, huendelea kunyonya na kuachia unyevu wa hewa, nayo hupanuka na kusinyaa kwa upana wake zaidi kuliko kwa urefu wake. Viwanda makini vya magitaa hutunza karakana zao kwenye unyevu wa hewa wa takriban asilimia 45 hadi 55, na gitaa lililoundwa katika hali hiyo hutulia likiishi katika hali inayoikaribia. Dar es Salaam hewa ni nzito kwa unyevu karibu mwaka mzima. Tabora, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200 katikati ya misitu ya miombo, hupata mvua zake kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha huja miezi mikavu, na ifikapo Septemba na Oktoba joto hupanda kabla mvua haijarudi, hali inayokausha midomo ya watu na mbao za gitaa kwa pamoja.

Uso wa gitaa, yaani ubao wa mbele wenye tundu la sauti, una unene wa milimita 2.5 hadi 3 hivi, nao umebanwa kwa gundi kuzunguka kingo zote na kwenye fito za ndani zinazouimarisha. Unaposinyaa hauna pa kukimbilia. Ama hudidimia karibu na tundu, ama hupasuka kwa kufuata mishipa ya mbao. Msimu wa mvua mambo hugeuka: uso huvimba, hasa nyuma ya daraja, na nyuzi hupanda juu ya freti, zile pau nyembamba za chuma zinazokatiza shingo, mpaka vidole vinauma.

Hapa ushauri wa seremala wa mtaani unaweza kumpotosha mnunuzi bila nia mbaya. Fundi wa Tabora amezoea mninga, mti uliojipatia jina kwa sababu husinyaa kidogo mno unapokauka, na akiambiwa kwamba ubao mkavu wa gitaa unaweza kupasuka kwa sababu ya hewa peke yake, atacheka. Kwa kitanda cha mninga yuko sahihi. Uso wa gitaa, hata hivyo, kwa kawaida ni sprusi au mwerezi, miti laini ya nchi za baridi iliyopasuliwa ikawa myembamba sana, na kanuni ya kitanda haihamii kwenye kifua cha gitaa. Anayeishi Kigoma mjini, Ujiji au Kibirizi ana nafuu kiasi kwa sababu ya upepo wa Ziwa Tanganyika, ingawa naye hawezi kuliacha gitaa chini ya bati linalochomwa na jua la Agosti akatarajia lisalimike.

Mwezi wa kununua nao una uzito wake. Gitaa linalokaguliwa Februari halijafanyiwa mtihani wowote, kwani hewa ya mvua hulifumba pengo dogo likaonekana kana kwamba halipo. Gitaa lililokaa kwenye rafu ya duka la Tabora tangu Juni, likafika mwisho wa Oktoba bila kupasuka, limekwisha kutoa ushahidi wake, na mimi ningelichukua hilo lenye vumbi na mikwaruzo kuliko lile linalong'aa lililoshuka jana kutoka Kariakoo.

Jambo jingine la kujua kabla ya kuhukumu chochote ni kama uso wa gitaa ni ubao mzima au ni plaiwudi. Tazama ukingo wa tundu la sauti kwa karibu, pale ambapo unene wa ubao unaonekana. Mishipa iliyo juu ikishuka na kuendelea kwenye unene huo, ubao ni mzima. Ukiona tabaka nyembamba zilizolaliana, ni plaiwudi. Wakati mwingine ukingo umepakwa rangi nyeusi usionekane, na hapo utalazimika kulinganisha mistari ya juu na ile inayoonekana upande wa ndani. Ubao mzima husifiwa kwa sauti yake, na sifa hiyo inastahili. Lakini kwa mwalimu wa kwaya ambaye gitaa lake linaning'inia ukutani kwenye chumba chenye madirisha wazi, plaiwudi hustahimili kiangazi vizuri zaidi, kwa kuwa tabaka zake zimepishanishwa mishipa na haziruhusu ufa kupita kirahisi. Sioni aibu kuipendekeza.

Kuandaa ukaguzi

Boksi lililoshushwa alfajiri kutoka kwenye buti la basi lisifunguliwe papo hapo stendi. Liache ndani ya nyumba kwa saa kadhaa, mahali pasipopigwa na jua, ili joto la gitaa lilingane na la chumba, kwa maana mabadiliko ya ghafla yanaweza kupasua vanishi iliyokuwa salama. Piga picha za boksi lenyewe kabla ya kukata tepu, pande zote sita. Kona iliyobonyea itakuonyesha pa kutazama kwenye gitaa, na picha hiyo itakufaa kama mzozo utatokea kati ya muuzaji na msafirishaji kuhusu nani aliyeangusha mzigo.

Kisha ondoa nailoni. Magitaa mengi mapya huja na utando mwembamba wa plastiki juu ya kinga ya mkwaruzo, lile bapa lililo kando ya tundu la sauti, na utando huo hukwaruzika sana safarini. Inua kona yake kwa ukucha na uuvute polepole. Mara nyingi mikwaruzo yote iliyokuwa ikikusumbua huondoka pamoja nao. Futa vumbi kwa kipande laini cha fulana ya pamba, kikavu, bila kusugua, kwa sababu chembe za mchanga wa Tabora zikisuguliwa juu ya vanishi zitaacha mikwaruzo ambayo haikutoka kiwandani.

Taa ya dari huficha kasoro, na mwanga unaokuja kutoka ubavuni huzifichua. Kaa barazani asubuhi au jioni jua likiwa chini, lilaze gitaa mapajani na uliinamishe taratibu huku na huku, ukiangalia jinsi mng'ao unavyopita juu ya uso. Pale mng'ao unapokatika au kupinda pana jambo. Usiku, laza simu juu ya ubao ili mwanga wa tochi yake upite sambamba na ubao, na hata kibonyeo kidogo kuliko punje ya mtama kitaonyesha kivuli chake.

Ukaguzi ufanyike mara mbili: kwanza nyuzi zikiwa zimelegea kama zilivyofika, na tena siku inayofuata baada ya kuzikaza mpaka sauti yake sahihi. Nyuzi sita za chuma za unene wa kawaida zikikazwa huvuta kwa jumla kwa nguvu inayofikia kilo 70 hivi, na kiungo dhaifu huanza kujitokeza wakati huo.

Kasoro za vanishi

Hizi ndizo nyingi, na karibu zote zimekaa. Chembe ya vumbi iliyoganda ndani ya vanishi, mchirizi ulioshuka kwenye mbavu (mbao za pembeni) kabla haujakauka, duara hafifu zilizoachwa na mashine ya kung'arisha, sehemu ndogo isiyong'aa karibu na kisigino cha shingo, rangi iliyovuka mpaka na kuingia kwenye ukanda mweupe wa pembeni: kila moja ni ushahidi wa kiwanda kilichokuwa na haraka, na hakuna hata moja itakayobadilisha sauti au kukua. Matone ya gundi unayoyaona ndani kupitia tundu la sauti, pamoja na alama za penseli na vumbi la msasa, yapo pia kwenye magitaa ya bei kubwa kuliko mnunuzi anavyodhani.

Kibonyeo ambacho hakikuvunja vanishi nacho kimekaa. Kilichoivunja ni suala jingine kidogo, kwa sababu kinaacha mbao wazi na jasho la mkono litaingia hapo. Tone la vanishi linatosha kukiziba, na anayeuza gitaa hilo anapaswa kupunguza bei.

Usijaribu kuondoa mikwaruzo mwenyewe kabla hujaamua kama gitaa linabaki. Dawa ya meno, ambayo wengi huipendekeza, husugua kama msasa laini, na juu ya uso usiong'aa huacha duara linalong'aa ambalo litaonekana milele. Thina itayeyusha vanishi ya aina ya laka. Hata dawa ya kujipaka dhidi ya mbu, kama ina kemikali iitwayo DEET, hulainisha laka na plastiki, kwa hiyo anayepiga gitaa jioni kando ya ziwa ajipake, anawe mikono, ndipo ashike gitaa.

Vipo pia vitu vinavyodhaniwa kuwa kasoro ilhali sivyo. Mistari mifupi inayomeremeta kama hariri, ikikatiza mishipa ya sprusi, huonekana pale ubao ulipopasuliwa kwa namna bora, na mafundi huifurahia. Nusu mbili za uso zinazoonekana kuwa na rangi tofauti, moja nyeupe na nyingine kama yenye kivuli, mara nyingi ni ubao mmoja uliofunuliwa kama kurasa za kitabu. Ligeuze gitaa upande wa pili wa mwanga na uone jinsi nusu hizo zinavyobadilishana wepesi na giza.

Mstari unaoweza kuwa ufa

Hapa ndipo mnunuzi asitawaliwe na haraka. Mstari mwembamba unaoonekana kwenye uso, mgongo au mbavu unaweza kuwa ni vanishi tu iliyopasuka, au ni mbao yenyewe, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo tofauti kati ya punguzo dogo na kurudisha gitaa.

Anza na mwelekeo wake. Ufa wa mbao hufuata mishipa, kwa hiyo kwenye uso utakwenda sambamba na nyuzi za gitaa, na sehemu zinazopendwa zaidi na ufa ni katikati kabisa pale nusu mbili zilipounganishwa, nyuma ya daraja kuelekea chini, na pembeni mwa ubao wa freti kati ya shingo na tundu la sauti. Mstari unaokatiza mishipa au kupinda ovyo mara nyingi ni wa vanishi peke yake, au ni alama ya pigo, na kwa pigo utaona kitovu chake.

Kisha tumia ukucha. Funga macho, maana macho humdanganya mwenye hofu, na upitishe ncha ya ukucha wa kidole gumba polepole kukata mstari huo. Ukucha usipokwama, mstari uko ndani ya vanishi au chini yake. Ukikwama mara moja na kuruka, kuna kina. Kipimo hiki peke yake hakitoshi, kwani kwenye magitaa ya bei nafuu vanishi ni nene kiasi kwamba mbao inaweza kupasuka chini yake bila juu kuhisika chochote.

Kipimo kinachofuata hufanyika usiku. Chukua ile tochi ndogo iliyo kwenye kitako cha kiberiti cha gesi, ifungie uzi, iwashe na uishushe kupitia tundu la sauti nyuzi zikiwa zimelegezwa, kisha zima taa za chumba na uvute tochi hiyo ndani kwa ndani hadi ifike chini ya mstari unaoushuku. Ubao mzima wa sprusi ukimulikwa kutoka ndani huweza kuonyesha wekundu hafifu, nao ufa uliopenya utaonekana kama uzi mweupe wa mwanga. Kwa plaiwudi kipimo hiki hakisemi mengi, kwa sababu tabaka la kati huzuia mwanga hata kama la juu limepasuka.

Weka pia vidole gumba viwili, kimoja kila upande wa mstari, ukandamize kwa zamu kwa nguvu ile ile unayobonyezea parachichi kujua kama limeiva. Kingo za mstari zikipishana, au ukisikia mlio mdogo wa kukatika, mbao imeachana. Na utazame rangi iliyo ndani ya mstari: ikiwa ni nyeupe na safi, ufa ni mpya na huenda umetokea safarini, ikiwa imejaa uchafu mweusi, ufa una umri, na gitaa hilo lilikwisha kuning'inia mahali pengine likipigwa na watu kabla halijauzwa kwako kama jipya.

Ukibaki na mashaka baada ya hayo yote, pima kwa muda. Weka rula ya shule kando ya mstari, piga picha ambayo tarakimu za rula zinasomeka, na urudie picha hiyo baada ya wiki moja na baada ya wiki mbili, kwa pembe ile ile na mwanga ule ule. Mstari wa vanishi hautasogea. Ufa uliochokozwa na ukavu wa Septemba unaweza kuongezeka milimita kadhaa, na picha hizo zitasema na muuzaji kuliko maneno. Ugumu ni kwamba maduka mengi hayatoi wiki mbili, ndiyo maana inafaa kumwandikia muuzaji siku ile ile ya kwanza ili muda usihesabiwe dhidi yako.

Ufa ukithibitika kwenye gitaa jipya, ushauri wangu ni kurudisha, hata kama una urefu wa kidole tu na hata kama muuzaji anatoa punguzo nono. Ufa unazibika, na magitaa ya zamani yenye nyufa zilizozibwa yanapigwa dunia nzima. Lakini kazi yake ni kulirudishia gitaa unyevu kwanza mpaka kingo zikutane, kuingiza gundi, kisha kubandika ndani viraka vidogo vya mbao ambavyo mishipa yake inakatiza ufa. Fundi anayeijaza nafasi hiyo kwa unga wa mbao na supagluu gitaa likiwa bado kavu anatengeneza kabari, na mvua za Desemba zitakapovimbisha mbao, kabari hiyo itafungua ufa mwingine kando yake.

Viungo na umbo

Daraja likaguliwe baada ya nyuzi kukazwa. Chukua ukurasa wa daftari na ujaribu kuuingiza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Kuingia kwa milimita moja hivi ni kawaida, kwa sababu viwanda huacha ukingo mwembamba wa vanishi chini ya daraja ambao gundi haiushiki. Karatasi ikiteleza ndani zaidi ya hapo, gundi inaachia, na pengo hilo litakua kila siku ambayo nyuzi zimekazwa. Uvimbe mdogo nyuma ya daraja usikushtue, kwani uso wa gitaa haukusudiwi kuwa bapa kabisa. Cha kuhofia ni shimo: laza rula kukatiza uso kati ya daraja na tundu la sauti, na ukiona mwanga mwingi chini ya katikati ya rula, huenda ubao umedidimia kwa ukavu.

Mstari unaoonekana pale shingo inapoungana na mwili ni wa kawaida sana kwenye magitaa yaliyopakwa vanishi juu ya kiungo, nao huwa umekaa. Ili kuwa na hakika, ushike mwili kwa mkono mmoja na kwa mwingine ukivute kichwa cha gitaa kidogo kuelekea nyuma, huku mwenzako akitazama mstari ule. Ukifunguka na kufunga, kiungo kinacheza na gitaa lirudi.

Nyuma ya shingo, chini kidogo ya kichwa, wengi huona mstari ulionyooka unaokatiza shingo, rangi ya mbao ikiwa tofauti juu na chini yake, nao hupiga kelele kwamba gitaa limevunjika na kuunganishwa. Mara nyingi si kweli. Viwanda hutengeneza shingo kwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa mshazari ili kuokoa mbao, na kiungo hicho ni imara. Mvunjiko wa kweli wa mahali hapo hutofautiana: mstari wake una meno, hufuata mishipa kwa mshazari usionyooka, mara nyingi unaanzia karibu na kipande cheupe kinachopitisha nyuzi, na vanishi juu yake imeinuka. Huo hautengenezeki kwa makubaliano ya bei. Gitaa liliangukia kichwa chake ndani ya boksi na halipaswi kuwa lako.

Pitisha kiganja kando ya shingo, pande zote mbili, kutoka juu hadi chini. Ncha za freti zikikukwaruza, ubao wa freti umesinyaa na chuma kimebaki na urefu wake. Fundi mwenye tupa ndogo atazilainisha kwa muda mfupi, kwa hiyo kwa zenyewe si sababu ya kurudisha gitaa. Hata hivyo zinasema kwamba gitaa limekauka kupita kiasi, na mwenye kuziona arudi kwenye uso na mgongo na kutafuta ufa kwa bidii mpya. Ukanda mweupe wa pembeni ulioachana na kiuno cha gitaa ni ndugu wa tatizo hilo. Hugundishwa tena bila shida.

La mwisho ni fito za ndani. Gonga uso na mgongo kwa fundo la kidole, ukihama kidogo kidogo, na usikilize. Mlio ubadilike utakavyo, lakini usiwe na mtetemo wa kitu kilicholegea. Ukiusikia, ingiza kioo cha poda kupitia tundu, mulika kwa tochi, na utafute ufito ambao ncha yake imeinuka kutoka kwenye ubao. Gundi iliyochuruzika ni uchafu tu. Gundi isiyokuwepo ndiyo kasoro.

Kuzungumza na muuzaji

Muuzaji wa mbali hajaona unachokiona, na mteja anayeanza kwa kulaumu hujibiwa kwa kulaumiwa. Ujumbe unaofanya kazi hutaja mahali, kipimo na ombi: "Habari za leo, kaka. Gitaa nimelipokea jana jioni, asante. Nyuma ya daraja kuna mstari wa sentimita 6 unaofuata mishipa ya ubao, ukucha unakwama na mwanga unapita usiku. Nimetuma picha nne pamoja na za boksi. Naomba tulibadilishe, nyuzi nimezilegeza na gitaa silitumii." Kwa mwenye duka mtu mzima wa hapa mjini, shikamoo ya kwanza na kumpelekea gitaa mkononi, akalitazama mwenyewe barazani, hufupisha mazungumzo. Tunza risiti ya EFD na ujumbe wa malipo ya simu, kwa kuwa bila hivyo hata ngazi za juu, kama Tume ya Ushindani inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na ulinzi wa walaji, hazitakuwa na pa kuanzia.

Punguzo lipokelewe kwa kasoro zilizokaa peke yake. Kwa mkwaruzo au mchirizi wa vanishi, kiasi cha haki ni kile ambacho wewe mwenyewe ungekubali kupungukiwa siku utakapoliuza gitaa hilo kwa mtu mwingine, kwani mnunuzi wa baadaye naye atauona. Kasoro inayotembea haina punguzo la haki, kwa sababu wakati wa mapatano hakuna kati yenu anayejua itafika wapi.

Gitaa likirudi, lifungashwe vizuri kuliko lilivyokuja. Legeza nyuzi mizunguko miwili au mitatu kwa kila ufunguo bila kuzitoa, jaza nguo au magazeti yaliyokunjwa chini ya kichwa na chini ya shingo ili kichwa kisining'inie hewani, ziba nafasi zote za pembeni hadi gitaa lisitikisike boksi likitikiswa, na umwombe kondakta alisimamishe pembeni mwa buti au alilaze juu ya mizigo mingine, mbali na injini. Piga picha ya mwisho likiwa ndani ya boksi lililo wazi, na nyingine boksi likiwa limefungwa na namba ya basi ikionekana.